Seli za neva za S2 hadi S4: ni parasimpathetiki kweli, au tumekaririshwa tu?

#1 Kiu ya Elimu
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili wa masomo ya tiba na nimekwama kwenye jambo nililodhani nimeshalimaliza. Tumefundishwa kwamba neva zinazojiendesha, zile zinazoendesha moyo, utumbo na kibofu bila sisi kuziamrisha, zina pande mbili. Simpathetiki hutoka katikati ya uti wa mgongo, T1 hadi L2 (T ni vipande vya kifua, L vya kiuno, S vya chini kabisa). Parasimpathetiki hutoka juu kwenye shina la ubongo, halafu inaruka sehemu kubwa na kutokea tena chini kabisa, S2 hadi S4. Nilijibu hivyo kwenye mtihani nikapewa alama zote.

Juzi nimesoma utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2016 unaodai kwamba zile seli za chini si parasimpathetiki hata kidogo, eti ni simpathetiki kama wenzao wa kifuani. Sasa nauliza: ni kitu gani hasa kinachoifanya seli iitwe ya upande huu na si ule? Mahali ilipo? Kazi yake? Kemikali inayomwaga? Au ilikozaliwa mimba ikiwa changa?

#2 Mzee wa Hoja
Mtihani unataka parasimpathetiki. Andika hivyo, faulu, halafu rudi hapa tubishane mpaka asubuhi.

#3 Bingwa wa Darubini
Kabla ya kugombania jina, tuzitazame seli zenyewe. Mimi kazi yangu ni kukata vipande vyembamba vya tishu na kuvipaka rangi, na uti wa mgongo nimeukata miaka mingi.

Ukikata eneo la kifua, ile sehemu ya kijivu ya katikati ina pembe tatu kila upande: ya nyuma inayopokea hisia, ya mbele yenye seli kubwa za neva zinazoamrisha misuli, na katikati yake kijipembe kidogo kilichochomoza pembeni. Hicho kijipembe ndiyo makao ya seli za simpathetiki. Zimejipanga kwa mafungu, fungu, nafasi, fungu, nafasi, na nyuzi zake zinakimbilia ndani hadi karibu na mfereji wa katikati. Ukiukata uti kwa urefu badala ya kuukata kama mkate, unaona umbo la ngazi lenye vidato kabisa. Mara ya kwanza kuiona nilimwita kila mtu aliyekuwa jengoni.

Shuka sasa hadi S2, S3, S4. Seli zinazofanana nazo zipo, za ukubwa wa kati, nyingi zina umbo la pia, ziko pembeni mwa eneo lile lile la katikati. Ila kijipembe chenyewe hakichomozi. Mwanafunzi akiniletea mchoro wa S3 wenye pembe ya pembeni iliyochongoka kama ya T5, namrudishia. Na kati ya L3 na S1 seli hizi hazipo, au ni chache mno. Hilo pengo ndilo chanzo cha ugomvi wote.

#4 Mama Pacha
Samahani, mimi si mtu wa tiba, nimeingia kwa sababu ya mume wangu. Alianguka akavunjika pingili ya L1. Daktari akasema neva za S ndizo zilizoumia, ndiyo maana mkojo hautoki. Mimi nikamuona hajui kazi. S si kule chini kwenye mfupa wa makalio? Yeye kavunjika kiunoni!

#5 Nesi Tulivu
Pole sana dada Mama Pacha. Daktari alisema kweli, ila hakukueleza.

Uti wenyewe ni mfupi kuliko mfereji wa mifupa unaoukaa. Mtoto akiwa tumboni mwanzoni vinalingana, kisha mifupa inarefuka haraka na uti unabaki nyuma. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya L1 au L2. Kwa hiyo vipande vya S2, S3 na S4 vya uti vimebanana nyuma ya pingili ya L1 hivi, kwenye ncha inayochongoka kama koni. Kutoka hapo mizizi ya neva inateremka ndani ya mfereji kama singa za mkia wa farasi hadi ifikie matundu yake kwenye mfupa wa chini. Mume wako alivunjika pale pale kwenye makao ya hizi seli tunazozijadili.

Na ndiyo sababu sindano ya kuchukua maji ya uti wa mgongo huchomwa L3 na L4 au chini kidogo: hapo kuna mizizi tu, inayosogea sindano ikipita.

#6 Mama Pacha
Jamani. Miezi minane nimekaa na hilo swali. Asante sana dada.

#7 Mzee wa Hoja
Hapo lugha nayo inatuponza. Tunasema "uti wa mgongo" tukimaanisha mifupa, na tunasema "uti wa mgongo" tukimaanisha ule mshipa mweupe wa neva uliomo ndani. Ndiyo maana Mama Pacha alichanganyikiwa, na hakuwa na kosa. Kuna wanaoandika "ugwe mgongo" kwa ule wa ndani, nami nawaunga mkono. Ugwe ni kamba. Kamba ndani ya mifupa, hakuna wa kupotea tena.

#8 Bingwa wa Darubini
Nakubali, mzee wangu. Kuanzia hapa naandika ugwe.

#9 Nyuzinyuzi
Kiu ya Elimu, huo utafiti unaousema nimeusoma neno kwa neno, ni wa kundi la Jean-François Brunet, Paris. Walichukua viinitete vya panya wakalinganisha sifa 15: seli zilivyozaliwa, jeni zinazowaka ndani yake, njia ya kutokea nje, na ganglioni zake zinavyoundwa. Ganglioni, kwa wasiojua, ni yale mafundo ya seli nje ya ugwe ambako ujumbe hupokewa na kupitishwa mbele.

Mambo makubwa ni haya. Seli za parasimpathetiki za kichwani huzaliwa kwenye eneo linalowasha jeni ya Phox2b, na nyuzi zake hutokea upande wa mgongoni. Za kifuani zinategemea jeni ya Olig2, baadaye zinawasha Foxp1, na nyuzi zake hutokea upande wa tumboni pamoja na za misuli. Wakatazama za S. Zinafuata za kifuani kila hatua.

Kilichonishtua mimi ni ganglioni. Kichwani, chembe zinazokuja kuwa ganglioni husafiri zikiwa zimeshikamana na neva yenyewe, bila neva hazifiki. Kwenye nyonga, ganglioni inajengeka hata neva ya kutoka S isipokuwepo. Ndivyo zinavyofanya ganglioni za simpathetiki. Mtu anawezaje kutazama hayo akasema bado ni jamaa wa neva za kichwani?

#10 Jembe la Zamani
Nyuzinyuzi umeeleza vizuri, lakini usiwaonee wazee. Hawakugawa kwa kubahatisha.

Mtafiti Gaskell mwaka 1886 aliona kwamba nyuzi hizi nyembamba hutoka kwa mafungu matatu: kichwani, kifuani, na chini. Yaliyo kati ya mafungu ni mapengo, na mapengo hayo yapo pale mizizi mikubwa ya mikono na miguu inapotokea. Langley wa Cambridge ndiye aliyeleta jina la mfumo unaojiendesha mwaka 1898, na mwaka 1905 akaliita fungu la juu na la chini kwa pamoja parasimpathetiki. Alizisisimua neva za wanyama kwa umeme akaangalia viungo vinajibu nini. Akatumia na dawa. Aliona neva za chini na za kichwani zinaelekeana kitabia, na mara nyingi zinapingana na za kifuani. Zaidi ya hapo, neva za S hazipiti kwenye ule mnyororo wa simpathetiki ulio kando ya mifupa, zinaenda moja kwa moja hadi kwenye kiungo au karibu nacho.

Hata kabla ya hao, Eckhard mwaka 1863 alisisimua neva hizo hizo za nyonga kwa mbwa akapata usimikaji wa uume. Mtu anayesimama mbele ya mgonjwa anataka kujua neva inafanya nini leo. Ilizaliwa wapi ni habari ya wanahistoria.

#11 Nyuzinyuzi
Kwani Eckhard hakuwa historia?

#12 Jembe la Zamani
Umenipata hapo. Hoja yangu iko pale pale.

#13 Kiu ya Elimu
Asanteni wote. Sasa kemikali. Sisi tunafundishwa simpathetiki mwishoni inamwaga noradrenalini, parasimpathetiki asetilikolini. Za S zinakaza kibofu kwa asetilikolini. Si tungemaliza hapo?

#14 Bingwa wa Darubini
Hapana, kijana wangu. Tezi za jasho zinaamrishwa na simpathetiki, hakuna anayebisha, na neva zake humwaga asetilikolini. Kemikali ya mwisho peke yake haitoi ukoo.

Halafu ganglioni ya nyonga inawatesa wote wanaotaka mpaka ulionyooka. Ni fundo lenye seli za noradrenalini na za asetilikolini zikiwa zimechanganyika. Seli moja inapokea amri kutoka kiunoni, jirani yake kutoka S, na chache zinapokea kote kuwili. Nimewahi kuipaka rangi mbili, ilikuwa kama mtu amemwaga mbegu za aina mbili kwenye bakuli moja akakoroga.

#15 Siachi
Nawasoma tangu mwanzo. Mimi niliumia ugwe eneo la T10 miaka sita iliyopita, ajali ya pikipiki. Naomba niseme upande wa mwenye mwili.

Wiki za kwanza kibofu kilikufa ganzi kabisa. Kinajaa hakisemi, katheta (mpira wa kutolea mkojo) usiku na mchana. Nikaambiwa neva zimekufa, nikakubali. Baada ya miezi kikaanza kujikaza chenyewe bila kuniuliza. Nikafurahi nikidhani napona. Kumbe kinakaza huku mlango wa chini nao umejifunga kwa nguvu, mkojo unarudi nyuma kuelekea kwenye figo. Nilipata homa mara tatu mwaka huo. Kwenye kliniki moja niliambiwa ninakunywa maji machache, basi. Ni mwezi wa kumi na moja ndipo mtu alipopima shinikizo ndani ya kibofu akaona kinachoendelea.

Kwa hiyo swali langu: seli zangu za S2 hadi S4 ziko hai au zimekufa? Maana niliambiwa yote mawili.

#16 Nesi Tulivu
Pole kaka Siachi. Kwa ulivyoeleza, ziko hai. Kilichokatika ni njia ya kuzifikia.

Kuna eneo kwenye shina la ubongo ambalo mtafiti Barrington alilionyesha kwa paka mwaka 1925. Linazipa seli za S amri ya kukaza kibofu, na wakati huo huo linanyamazisha seli za mlango ili ulegee. Wewe ulikatika T10, juu ya S, kwa hiyo seli zako za chini zimebaki na mizunguko yao midogo bila msimamizi wa kuzipatanisha. Mwanzoni ugwe wote chini ya jeraha hunyamaza, ndiyo ile ganzi ya wiki za kwanza. Baadaye unaamka, na kila mmoja anafanya lake.

Mume wa Mama Pacha ni habari nyingine. Kwake makao yenyewe ya seli yamepondwa, au mizizi yake. Kibofu kinabaki kimelegea, kinajaa hadi kufurika. Majeraha mawili yaliyopishana kiganja kimoja mgongoni, vibofu viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana siwaachi wanafunzi wangu waseme "neva za mkojo zimeumia" na kuishia hapo.

Na wenye jeraha la T6 kwenda juu, nawaomba msikie: kibofu kikijaa au katheta ikiziba, presha inaweza kupanda ghafla, kichwa kikagonga, jasho likatoka usoni. Hiyo ni dharura. Kaa wima, kagua katheta, ita msaada.

#17 Siachi
Miaka sita. Leo ndiyo nimeelewa mwili wangu. Ubarikiwe dada.

#18 Kijiti
Nesi Tulivu umetaja "seli za mlango". Hizo si zinazojiendesha, sivyo? Maana kuna kundi la seli liitwalo Onuf pale pale S2, na nijuavyo ni la pembe ya mbele.

Nauliza kwa sababu ya marehemu baba. Alianza na mkojo. Miaka miwili anatibiwa tezi dume, akafanyiwa hadi upasuaji, hali ikazidi. Kisha akawa anaanguka kila akisimama, presha inashuka. Mwishoni wakasema ni ugonjwa unaoharibu mifumo mingi ya neva kwa pamoja. Daktari wa mwisho alitaja Onuf, nikaliandika jina kwenye karatasi, bado ninayo.

#19 Bingwa wa Darubini
Poleni sana, Kijiti.

Mtafiti Onuf, mwenye jina hilo, alilieleza kundi hilo mwaka 1899. Ni fungu dogo kwenye pembe ya mbele, hasa S2, na seli zake zinaendesha misuli ya kufunga mkojo na choo, ile tunayoweza kuibana kwa hiari. Kwa njia hiyo ni seli za neva za misuli za kawaida. Lakini tabia zake zinashangaza. Kwenye ule ugonjwa unaoua seli za neva za misuli, mgonjwa akashindwa kuinua mkono, kutembea, kumeza, Onuf mara nyingi hubaki nzima. Watafiti wa Japani waliandika hivyo mwaka 1977. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa aina hiyo hudhibiti mkojo karibu hadi mwisho. Kwenye ugonjwa wa baba yako ni kinyume: Onuf huharibika, na seli za pembe ya pembeni za kifuani pia. Hilo la pili ndilo lililomwangusha kila alipoinuka, kwa sababu seli hizo ndizo zinazobana mishipa ya damu mtu anaposimama.

Wapo wanaosema Onuf ni nusu ya misuli, nusu ya neva zinazojiendesha. Mimi nasema ni ya misuli, ila inaishi na majirani wa aina nyingine.

#20 Nyuzinyuzi
Mimi nasema nusu kwa nusu. Inapokea kwa wingi nyuzi za serotonini na noradrenalini kutoka juu, kuliko makundi mengine ya jirani. Ndiyo msingi wa kutumia dawa ya dulokisetini kwa wanawake wanaovuja mkojo wakikohoa.

#21 Jembe la Zamani
Kupokea barua nyingi hakubadili ukoo wa mtu. Si ndivyo ulivyotuambia wewe mwenyewe kule #9, kwamba ukoo ni kuzaliwa?

#22 Nyuzinyuzi
Ni kweli, nilisema hivyo. Nipe muda nifikiri.

#23 Panya Buku
Nimechelewa. Naongeza jambo moja kwenye #9. Panya hana seli hizi S2 hadi S4. Kwa panya wa maabara ziko L6 hadi S1, maana ana pingili sita za kiuno. Kwa paka ni S2 na S3 zaidi, na zimegawanyika mikanda miwili: ule wa pembeni unahusika hasa na kibofu, wa upande wa mgongoni hasa na utumbo mpana. Kwa hiyo mtu akikuambia "S2 hadi S4" muulize kwanza ni za mnyama gani. Ramani nyingi tulizo nazo zilichorwa kwa kuchoma rangi au kimeng'enya kwenye neva ya mnyama na kusubiri kipande hadi kifike kwenye seli. Kwa binadamu huwezi kufanya hivyo.

#24 Bingwa wa Darubini
Sahihi, na mimi nilipaswa kusema. Nilichoeleza #3 kuhusu umbo la ngazi kinaonekana vizuri zaidi kwa wanyama wadogo. "Kipande" hapo umemaanisha rangi au kimeng'enya, nadhani.

#25 Panya Buku
Ndiyo, vidole vimeteleza.

#26 Mzee wa Hoja
Nimewasikiliza wote. Mimi naona mnagombania vyumba viwili wakati nyumba ina vitatu. Mwaka 2017 mtafiti Jänig na wenzake waliwajibu watu wa Paris kwamba kubadili jina kuwa simpathetiki ni kosa, kwa sababu neno simpathetiki tayari limebeba maana ya kazi na njia. Kwa nini tusiseme tu: neva za kichwani, neva za ugwe za juu, neva za ugwe za chini? Za chini zimezaliwa kama za kifuani na zinafanya kazi kama za kichwani. Ziacheni zisimame zenyewe.

#27 Nyuzinyuzi
Mzee, hiyo inakwepa swali. Kundi lile la Paris lilirudi mwaka 2024, safari hii wakisoma jeni za seli moja moja za ganglioni ya nyonga, nazo zikaangukia upande wa simpathetiki. Ushahidi unaongezeka upande mmoja.

#28 Jembe la Zamani
Ushahidi wa jeni unaongezeka. Ushahidi wa kibofu haujabadilika tangu Langley. Neva za T11 hadi L2 zinalegeza kibofu na kufunga shingo yake kiweze kujaa, za S zinakikaza kitoe. Ukiziita zote simpathetiki, nitamwelezaje mwanafunzi kwamba simpathetiki inazuia mkojo na simpathetiki inatoa mkojo?

#29 Nesi Tulivu
Mwambie hivyo hivyo. Simpathetiki pia inabana mishipa ya ngozi na kuongeza jasho kwenye ngozi hiyo hiyo. Hakuna mwanafunzi aliyekufa.

Lakini Jembe, nakuelewa. Saa nane za usiku nikiwa na mgonjwa asiyekojoa, ninachohitaji ni namba: T11 hadi L2, au S2 hadi S4. Jina sijawahi kulihitaji.

#30 Mama Pacha
Jamani nimerudi. Leo nimemwonyesha mume wangu bandiko #5 na #16. Amesoma mara mbili. Anauliza hivi: yeye usimikaji unakuja kidogo akiwaza, ila akiguswa haupo kabisa. Daktari hakumuuliza na yeye aliona haya kusema. Inahusiana?

#31 Nesi Tulivu
Inahusiana moja kwa moja, na asione haya. Ziko njia mbili. Ya kuguswa inazungukia S2 hadi S4, ambako ndiko alikoumia. Ya mawazo inashuka kutoka ubongoni na kutokea T11 hadi L2, juu ya jeraha lake au ukingoni mwake, kwa hiyo inaweza kubaki. Amweleze daktari maneno hayo hayo aliyokuambia wewe. Yanasaidia kujua kilichobaki hai, na msaada upo.

#32 Siachi
Kwangu ni kinyume chake. Mwambie shemeji aniandikie faragha, tuongee wanaume wawili.

#33 Kiu ya Elimu
Nimesoma yote tangu #1. Njia ya T11 hadi L2 inaleta usimikaji, na hiyo ni simpathetiki kwa kila mtu hapa, hata kwa Jembe la Zamani. Sasa neva za juu na za chini zinafanya kazi moja kwenye kiungo kimoja. Jembe, kule #10 ulisema zinapingana. Hapa mbona hazipingani?

#34 Jembe la Zamani
Nilisema mara nyingi, sikusema daima. Ngoja nirudi kwenye madaftari yangu, nitakujibu kesho.

#35 Nyuzinyuzi
Tunakusubiri mkuu. Na mimi bado nadaiwa Onuf.